Jumanne za Mama Rehma

Port Victoria
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwanangu Hadiya,

Simu yangu huchukui. Nimepiga mara nne, ya tano nikajua umenifungia. Kwa hivyo nimenunua daftari. Barua hii nampa Anyango muuza omena, hizi dagaa, kila Alhamisi yeye hushuka Mamboleo na magunia yake, atakupatia mkononi.

Mimi ni Wabwire, ule mzee alikuwa kiongozi wa wahudumu wa afya wa kijiji hapa beach, huku kwa wavuvi. Nilitoka shule darasa la nane, kwa hivyo usishangae na mwandiko. Nataka kuandika kitu ambacho hata kanisani sijasema.

Mwaka wa 2021 mradi ulikuja hapa. Waliuliza, mtu wenu akiugua akili anaenda wapi? Tukasema hakuna mahali. Wakasema sawa, tutafunza watu ishirini wa hapa hapa, siku tano, wajue kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, na kujua nani anatakiwa hospitali. Mimi nikapewa kazi ya kuandika majina. Wewe ulikuja kwangu mwenyewe. Ulisema ndugu yako ameanza kusikia sauti na unataka kujua utamfanyia nini. Nikakuandika wa ishirini.

Halafu nikakukata nikaandika Lornah, dada ya bibi yangu. Lornah alikuwa ametoka kwa bwana yake, ako kwangu, nyumba imejaa kelele, na kwa semina kulikuwa na posho na chakula ya nyama. Lornah alikuja siku ya kwanza, akakula, akaenda. Zile siku nne zingine nilisaini mimi, jina la Lornah, kwa mkono wa kushoto ndio mwandiko usifanane. Na si Lornah peke yake. Waliokaa mpaka mwisho ni wawili. Mradi ulitaka sahihi ishirini na ulipata ishirini. Vyeti vikakuja. Karatasi kubwa ikabandikwa pale banda ya kupimia samaki: WASHAURI WETU WA AFYA YA AKILI, na majina yote.

Mwaka uliofuata Ridhwan alizidiwa. Mama yako aliamini ile karatasi. Alimpeleka kwa Lornah, na Lornah akasema afungiwe ndani mpaka hiyo kitu ichoke. Siku kumi na tisa. Hiyo ingine unaijua.

Nilikosea. Naomba msamaha. Sitaki kitu.

Mimi,
Wabwire


Mamboleo, Kisumu
9 Machi 2025

Mzee Wabwire,

Usiniite mwanangu. Mama yangu anajua aliowazaa, na mmoja hayuko.

Hiyo simu itabaki imefungwa. Ukiwa na neno, andika kwa karatasi na uweke sahihi. Uongo wako uliuandika kwa karatasi, na ukweli pia utauandika hapo hapo. Meseji mtu anafuta.

Sasa nikuambie nilichosoma. Lornah umemtaja mara nyingi, Ridhwan mara moja. Halafu "hiyo ingine unaijua." Ndiyo naijua. Ridhwan alitoka kwa dirisha akatembea siku tatu. Lori lilimgonga Kisian, karibu afike Kisumu, saa sita mchana, watu wakinunua mahindi ya kuchoma. Mfukoni walipata karatasi ina namba yangu na neno Mamboleo. Nilikuwa nimeshahamia huku; alikuwa anakuja kwangu, mzee. Ndugu yangu aliyekuwa hajui leo ni siku gani alijua njia ya kuja kwangu.

Na unafikiri unaniambia habari mpya? Nilikuja matanga nikapita hapo banda. Nikasoma jina la ishirini. Nimejua miaka mitatu.

Niliuza cherehani yangu nikasoma mwenyewe, miaka miwili, hapa Kisumu. Leo mradi mpya ukitafuta wa kupanga mafunzo ya washauri, wananiita mimi. Pesa imetoka ya watu kumi na tano tu, na beach kumi na moja zimeomba. Yenu iliomba. Niliikata Januari, kwa biro nyekundu. Sikufichi, nilisikia raha. Nilirudi nyumbani nikapika pilau.

Umesema hutaki kitu. Mtu kama wewe haombi msamaha Jumatatu kama Jumanne hana shida. Sema shida yako.

Hadiya Salim


Port Victoria
15 Machi 2025

Dada Hadiya,

Umenijua.

Ni Akello, bibi yangu. Tangu Desemba halali. Anaongea na mtu mimi simuoni, na huyo mtu anamwambia chakula yetu ina sumu. Amekonda mpaka pete imetoka kwa kidole. Jikoni haingii. Juzi alitoka na nguo ya ndani mpaka kwa maji, watoto wa watu wakimfuata.

Nilifanya nini? Nilienda pale banda nikaangalia karatasi. Karatasi yangu mwenyewe. Nikaandika majina kwa mkono, nikatembea nyumba kwa nyumba kama mtu anatafuta ng'ombe amepotea.

Oduor, namba tatu, aliniambia, "Mzee, si unajua mimi nilikuja kunywa soda." Okinyi, namba saba, aliingia ndani akatoka na cheti, ameweka kwa kioo na mbao. Akapangusa vumbi. Akasema, "Hii ni ya kutafuta kazi, si ya kutibu mtu. Si ni wewe ulinisainia?" Wale wawili walisoma kweli, mmoja ako Saudia na mwingine alikufa mwaka jana. Watu ishirini, dada, na hakuna mtu hata mmoja wa kuniambia nimshike bibi yangu mkono au nimwache.

Mwisho nikafika kwa Lornah, siku hizi ana nyumba yake. Hakufungua. Aliongea kwa dirisha. "Shemeji, dada yangu mfungie ndani mpaka hiyo kitu ichoke."

Nilikaa chini kwa majani.

Hospitali amekataa, anasema ni huko wanatoa sumu. Nakuomba mtu mmoja tu wa kuja kuongea na yeye. Na kama unaweza, rudisha beach yetu. Nikate mimi. Akello hajakukosea.

Wabwire


Mamboleo
20 Machi 2025

Mzee Wabwire,

Anyango alikuwa bado amesimama hapa akinywa chai nikamaliza kusoma. Aliniuliza mbona nacheka. Nikamwambia kuna mtu amechimba shimo akatumwa kuchota maji ndani.

Okinyi namkumbuka. Hicho cheti kwa kioo kingetosha kuwa kioo cha dirisha la mama yangu, lile Ridhwan alitokea.

Unaniambia Akello hajanikosea. Ridhwan alikuwa amekukosea nini? Niambie. Kila mwaka alikuwa anakushonea nyavu, na ukimpa kikombe ya chai anasema asante mara tatu.

Sasa fanya hivi. Barua yako ya kwanza nakurudishia. Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, saa ya kupima samaki, watu wakijaa, simama kando ya mzani uisome yote. Jina langu, jina la Lornah, mkono wa kushoto, yote. Ukimaliza uitoe hiyo karatasi kwa ukuta. Anyango atakuwa hapo na macho yake mawili.

Na usifikiri ni biashara. Sijasema ukisoma nitaleta mtu. Sijasema nitarudisha beach. Utasoma bila kujua, vile mama yangu alibisha kwa Lornah bila kujua.

Hadiya


Port Victoria
31 Machi 2025

Dada Hadiya,

Nimesoma.

Mwanzo sauti haikutoka. Watu walifikiri ni mambo ya bei. Mtu akaita, "Toa sauti, Wabwire, ama umemeza mfupa?" Nilipofika kwa mkono wa kushoto waliacha kupima. Halafu mama mmoja akasema, "Hebu tuonyeshe huo mkono." Nikauinua. Walitaka niuinue juu zaidi. Nikauinua juu. Nilisoma mpaka mwisho nikiwa hivyo, karatasi kwa kulia, kushoto iko juu, kama mtoto anajibu swali.

Oduor alipotea mapema. Lornah alinimwagia maji ya samaki, akasema nimemwua kwa watu. Karatasi ya ukuta ilikuwa imegandamana, nikaitoa kwa kucha.

Mama yako alikuwa hapo. Alikuwa anachagua samaki wa ngege. Hakuinua kichwa. Alilipa, akafunga samaki wake kwa gazeti, akaenda.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, alikuja kwangu na chupa ya chai. Sikumwita, naapa. Alisimama kwa mlango wa chumba ya nyuma na akaangalia.

Dada, kuna kitu sikukuandikia. Nilikuwa nimemfungia Akello. Wiki mbili. Nilikuwa nimechoka, na Lornah alisema, na mimi sijui ingine. Kufuli ilikuwa hapo mlangoni.

Mama yako aliangalia hiyo kufuli kwa muda. Akaniambia, "Fungua." Nikafungua. "Nipe." Nikampa. Akaiweka kwa mkoba wake, na ufunguo, akaingia akaketi chini kwa mkeka na Akello. Alimimina chai vikombe viwili, akakunywa yake kwanza. Akello akamwangalia akikunywa. Halafu na yeye akakunywa.

Ni kikombe ya kwanza nimeona akimaliza tangu Februari. Leo pia mama yako amekuja. Mimi hanisalimii.

Wabwire


Port Victoria
2 Aprili 2025

Hadiya,

Ni mimi mama yako. Anayeandika ni Anyango, lakini maneno ni yangu, na nimemwambia asiongeze chumvi.

Nimesikia ulikata beach. Nimesikia kwa Anyango, si kwako. Hadiya, hapa ndipo ninapolala. Nikiamka kesho nasikia sauti, nani atakuja? Ulitaka kumkata Wabwire ukanikata mimi.

Unasema unamlipia Ridhwan. Nani alikutuma? Wewe ulikuwa naye kama dada, mimi nilimbeba. Kama kuna kisasi hapa, foleni inaanza na mimi, na mimi sijakula zamu yangu bado. Miaka mitatu nimekaa nayo. Nilikuwa sijui itakaa namna gani. Siku ile aliposoma na mkono juu, nikajua.

Leta nesi kwa Akello. Yeye hana deni na mtu. Mimi naketi naye kwa sababu najua chumba iliyofungwa inanuka namna gani, basi.

Na Wabwire umweke kwa mafunzo. Awe jina la kwanza. Asome kila siku, asikose hata moja. Anyango ameniambia kule kwenu mtu akimaliza kusoma anapewa mtu wa kumsikiliza ndio apate cheti, na akisikiliza haruhusiwi kujitetea. Ni kweli? Kama ni kweli, huyo mtu wa kusikilizwa ni mimi.

Usinijibu na maneno mengi.

Mama yako, Rehma

Mimi Anyango naongeza moja tu: mama yako anaandikisha mtu barua kama askari anaandika ripoti. Nimekataa chai yake ya pili ndio nimalize. Ero kamano, asante, kwa ile sukari uliyonipa.


Mamboleo
10 Aprili 2025

Mzee Wabwire,

Nesi atafika kwako Jumatano. Atavaa nguo ya kawaida, na atakunywa chai kwanza mbele ya Akello, vile mama alifanya. Usiingilie.

Beach yenu imerudi. Mna nafasi mbili. Ya kwanza ni yako, ya pili mtachagua kwa mkutano, watu wakiona. Usinishukuru. Kama ingekuwa mimi peke yangu, ningekuacha utembee na karatasi yako mpaka viatu viishe.

Mafunzo yanaanza tarehe tano Mei, Kisian. Ukumbi niliuchagua mwenyewe. Una madirisha makubwa upande wa barabara ya Busia, na kiti chako nimekiweka hapo, kinaangalia nje. Ukiona lori, andika noti zako uendelee. Rejista utasaini mbele yangu kila asubuhi, mkono wa kulia, jina lako.

Baada ya hapo kuna saa kumi za mazoezi, moja kila wiki, na mtu aliyekubali. Kanuni ni hii: hujitetei, hurekebishi, hujibu. Unaweza kusema "endelea" au "nakusikia." Ukijitetea mara moja, hizo saa zinaanza upya. Ripoti utaniandikia kwa karatasi.

Mtu wako ameshapatikana. Utamjua akifika.

Hadiya


Port Victoria
2 Julai 2025

Mwalimu Hadiya,

Hii ni ripoti ya mazoezi, saa sita za kwanza. Mwenye maneno ameniruhusu nikuandikie yote. Alisema, "Huyo mwandikie kila kitu, hata ile."

Akello kwanza. Anakunywa dawa, analala, jana alinigombeza kwa sababu ya chumvi. Nilifurahi kugombezwa.

Sasa mama yako. Anakuja Jumanne saa nne, chini ya mabati ya banda moja ya zamani hapa beach. Viti viwili na meza ndogo katikati. Siku ya kwanza kabla hajakaa alifungua mkoba akatoa kufuli, akaiweka kwa meza, upande wangu. Kila Jumanne anaiweka hapo hapo.

Halafu akaanza. Nilifikiri ataanza na Lornah. Nilikuwa nimejikaza kwa Lornah. Alianza na mimba. Vile alitapika miezi minne, vile baba yako Mzee Salim alitembea mpaka kwa soko kumtafutia ndimu. Saa ikaisha mtoto hajazaliwa. Akachukua kufuli yake, akasema, "Jumanne."

Ya pili akazaliwa. Miguu ilitangulia. Ya tatu akatembea, akaanguka kwa jiko, alama hapa kwa kiwiko. Hiyo siku nilifungua mdomo. Mwalimu, nilitaka kusema tu samahani. Aliinua kidole. "Wewe ni mshauri. Ukisema samahani, ni wewe unajisaidia. Sikiliza." Nikasema, "Endelea."

Ya nne ni shule, vile alikuwa anagawa mandazi yake na mtoto hana mama. Ya tano ni vile alijifunza kushona nyavu. Nyavu zangu, mwalimu. Alisema ni ngapi, alisema rangi ya uzi. Jana ilikuwa ya sita. Ridhwan ana miaka ishirini na amenunua redio.

Zimebaki nne. Mama yako anajua kuhesabu kuliko mimi. Naona vile anapanga. Ya saba ataanza kusikia sauti. Ya nane ni kwa Lornah. Ya tisa nitakuambia sasa, kwa sababu yeye amesema nikuandikie hata ile.

Siku ile mama yako alipotoka kwa Lornah hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikuja kwangu. Alikuwa na wasiwasi. Aliniuliza, "Wabwire, wewe ndiye mkubwa wao. Huyu mama anasema mtoto afungiwe. Ni hivyo mlifundishwa?"

Nilijua si hivyo. Nilikuwa nimekaa kwa hiyo semina siku zote tano, nikisaini. Yule mwalimu wa semina alisema kwa sauti, mgonjwa hafungiwi. Lakini kama ningesema hapana, angeuliza sasa Lornah alijifunza nini, na Lornah alisoma wapi, na ni nani alisaini. Ile karatasi yote ingeanguka.

Nikasema, "Ndiyo, Mama. Ni hivyo tulifundishwa."

Akasema hana kufuli nzuri. Nikaenda kwa stoo ya nyavu, nikatoa yangu, nikampa na ufunguo. Baada ya mazishi aliirudisha, amefunga kwa kitambaa, akaniwekea kwa mlango bila kubisha. Nilijua anajua nilimdanganya. Nikairudisha kwa stoo, na mwaka huu nikaitoa nikamfungia Akello. Ndiyo hiyo iko kwa meza.

Miaka mitatu hakukuambia. Sikumwuliza kwa nini, kanuni hairuhusu. Lakini jana akifunga mkoba alisema bila kuniangalia, "Hadiya angekuchoma nyumba siku ile ile, na ungekuwa umemaliza."

Biro nyekundu iko na wewe. Ukitaka kukata jina langu sasa, kata. Lakini Jumanne saa nne nitakuwa kwa kiti, cheti iko au haiko.

Wabwire


Mamboleo
3 Julai 2025

Mzee Wabwire,

Anyango ameniletea. Nimemwambia aketi, asiondoke, na ameketi.

Jina lako silikati. Saa sita zimehesabiwa. Maliza za mama zote kumi, na ya tisa usikohoe.

Mama ana Ridhwan kutoka mimba mpaka ile dirisha. Kutoka dirisha mpaka Kisian hana. Hakuna aliye nayo, hizo siku tatu. Alilala wapi, nani alimpa maji, nani alimfukuza. Nimezitafuta miaka mitatu nikiwa nimekaa.

Mama akimaliza, nunua viatu. Tutaanza pale kwa dirisha, mimi na wewe, kwa miguu, tukiuliza nyumba kwa nyumba. Utabeba picha yake kwa mkono wa kushoto. Kila mlango utabisha wewe. Wakikuuliza wewe ni nani wake, utawajibu, na kufuli utakuwa nayo.

Mimi nitakuwa nyuma yako, nikisikiliza.

Hadiya Salim
dada ya Ridhwan